Kati ya 244 na 760: barua ya wazi kwa Wakuu wa Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki

Kwa Waheshimiwa Marais na Wakuu wa Serikali za Nchi Wanachama,
kupitia kwa Katibu Mkuu, Makao Makuu ya Jumuiya,
Arusha.

YAH: RAIA WALIOUAWA MASHARIKI MWA KONGO CHINI YA MAJESHI YA KIGENI, 1998 HADI 2003, NA WANAOENDELEA KUUAWA

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu mmekifanya lugha rasmi ya Jumuiya, na kwa sababu ndiyo lugha mama yangu aliyolia nayo siku tulipomzika kaka yangu. Mimi ni mzaliwa wa Kisangani, mtaa wa Tshopo. Kiswahili chetu cha kule si cha Unguja wala cha Arusha, basi penye kasoro mtanivumilia.

Kabla ya barua hii niliandika nyingine tatu, zote za faragha, katika muda wa miaka minne. Ya kwanza niliipeleka kwa mkono wangu, nakala yangu ikagongwa muhuri wa mapokezi. Ya pili nilipigiwa simu nikaambiwa suala langu linashughulikiwa. Ya tatu hata simu haikuja. Ofisi hizo sitazitaja, kwa kuwa nimekuja kuelewa kwamba waliokaa kwenye meza zile hawana uwezo wa kutoa ninachokiomba. Wenye uwezo ni ninyi, mkikutana.

Naomba kwanza niwaeleze ni nani anayeandika.

Juni 2000 nilikuwa na miaka 11. Jeshi la Uganda lilikuwa kaskazini, ng'ambo ya mto Tshopo. Jeshi la Rwanda lilikuwa mjini. Wote wawili walikuwa wageni kwetu, na walikuwa wameingia Kongo wakiwa marafiki. Mapigano yalianza Jumatatu tarehe 5, yakanyamaza Jumamosi tarehe 10. Sisi wenyeji tunaiita vita ya siku sita, na mtu wa Kisangani akikwambia "kabla ya siku sita" hana haja ya kutaja mwaka. Umeme ulikatika, kisha maji. Siku ya tatu tulibaki na maji ya kikombe kimoja kwa watu saba. Yaya wangu (kwetu yaya ni ndugu mkubwa, si mlezi wa watoto) alikuwa na miaka 17. Alfajiri, milio ilipopoa kidogo, alichukua dumu la njano la lita 20 akaenda kwenye kisima cha nyumba ya nne kutoka kwetu. Bombi (bomu) lilimkuta akirudi. Najua alikuwa akirudi kwa sababu dumu lilikuwa limejaa, na maji yalikuwa yakitoka kwenye matundu mawili yakilowesha mchanga.

Baba alikuwa akiendesha toleka, yaani baiskeli ya kubebea abiria, yenye mto wa sponji nyuma. Alimpakia yaya juu ya mto ule akitaka kumfikisha hospitali. Alifika kona ya pili akageuza, kwa kuwa safari ilikuwa imekwisha. Makaburini hapakufikika. Tulimzika uani, chini ya mwembe, tukamfunga kitenge cha mama cha maua ya bluu. Mto wa baiskeli mama aliufua mara mbili, mara ya tatu akautia moto.

Waheshimiwa, bombi lile sijui lilitoka kwa nani. Baba alikufa bila kujua. Ndiyo maana barua hii haikuandikwa kwa rais mmoja. Tarehe 7 Julai 2000, wiki nne tu baada ya bunduki kunyamaza Kisangani, Mkataba wa kuanzisha Jumuiya yenu ulianza kutumika. Uganda ilikuwa ndani tangu siku hiyo. Rwanda na Burundi zikaingia mwaka 2007. Kongo tukapokelewa mwaka 2022. Leo waliopigana juu ya paa zetu, na sisi tuliokuwa chini ya paa hizo, tunakaa meza moja na kuitana ndugu. Nami sikatai undugu huo. Ila kuna mambo ambayo ndugu hawezi kuyapita kimya, nami nitayaeleza moja moja.

1. Hatujahesabiwa.

Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa, yaani ile iliyoorodhesha makosa makubwa yaliyotendwa Kongo, iliyotolewa Oktoba 1, 2010, inasema kwamba katika siku zile sita waliuawa raia kati ya 244 na 760, wakajeruhiwa zaidi ya 1,000, na nyumba zaidi ya 400 zikabomolewa. Nimeusoma mstari ule mara nyingi kuliko nilivyosoma kitu kingine chochote. Kati ya 244 na 760. Toeni hesabu: tofauti ni watu 516. Watu 516 ambao huenda walikufa, huenda hawakufa, kutegemea unamwamini nani. Siwalaumu walioandika ripoti, walifanya kazi yao kwa uaminifu, miaka minane baada ya wauaji kuondoka. Ninachouliza ni hiki: yaya wangu yumo katika 244, au yumo katika wale 516? Hakwenda hospitali. Hakuzikwa makaburini. Hakuna padri wala karani aliyeandika jina lake. Mwembe ndio shahidi, na nyumba ile tuliiuza mwaka 2009 baba alipougua. Mwenye nyumba mpya ni mtu mwema, alijenga ukuta akaukunja kidogo ili usipite juu ya kaburi.

Msidhani hili ni jambo la hisia tu. Kutohesabiwa kuna bei, na bei hiyo imeshatajwa mahakamani. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule The Hague, ilipofika kwenye fidia katika kesi ya Kongo dhidi ya Uganda, serikali yetu ilidai kwamba raia 180,000 walikufa, ikaomba zaidi ya dola bilioni 11. Ushahidi wa idadi hiyo haukuonekana. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ikakadiria vifo vya kati ya 10,000 na 15,000, ikatoa jumla ya dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara ya watu, milioni 40 kwa mali, milioni 60 kwa maliasili. Majaji walisema wazi kwamba wanatoa kiasi cha jumla kwa sababu ushahidi haukutosha kuhesabu mtu kwa mtu. Hapo tena, kati ya 10,000 na 15,000 wamo watu 5,000 wanaoning'inia. Mji mdogo mzima.

2. Waliotukalia walikuwa na wajibu wa kutulinda.

Hili linasahauliwa sana, hata na sisi wenyewe. Tunazungumza juu ya aliyefyatua risasi, tunamwacha aliyekuwa ameshika mji. Mahakama hiyohiyo, tarehe 19 Desemba 2005, iliamua kwamba Uganda ilikuwa imeikalia Ituri, kaskazini-mashariki mwa Kongo, kijeshi kwa maana kamili ya sheria. Moja ya sababu: Juni 1999 kamanda wa jeshi la Uganda alitangaza mkoa mpya ndani ya nchi yetu, Kibali-Ituri, akateua na gavana wake. Kwa hiyo, wakasema majaji, hata mauaji yaliyofanywa na makundi mengine ndani ya Ituri yanamhusu aliyeikalia, kwa kuwa alikuwa na wajibu wa kuyazuia. Tena wakasema majeshi yale yalichochea ugomvi wa kikabila na hayakuchukua hatua za kuukomesha.

Ukichukua funguo za nyumba ya mtu kwa nguvu, watoto waliolala ndani wamo mikononi mwako. Ugomvi wa ardhi kati ya Wahema na Walendu, makabila mawili ya Ituri, ulikuwapo kabla ya mwaka 1999, hilo ni kweli. Zamani uliua kwa mishale na mapanga, ukasuluhishwa na wazee, ukarudi, ukasuluhishwa tena. Walipoingia watu wenye kugawa bunduki leo kwa huyu, kesho kwa yule, wazee wakakosa la kusuluhisha.

Na Kisangani je? Mji wetu uko karibu kilomita 500 kutoka mpaka wa Uganda na kiasi hichohicho kutoka Goma. Majaji waliandika kwamba kuteka viwanja vya ndege na miji iliyo mamia ya kilomita kutoka mpakani hakuendani na tishio lililodaiwa. Sisi tulilijua hilo bila kusoma sheria. Tulikuwa tukiuliza: hivi adui wao wanayemtafuta anajificha katika almasi zetu?

Tena vita ya siku sita haikuwa ya mwisho. Tarehe 14 Mei 2002, waasi wa RCD wakiwa bado wanaushika mji kwa msaada wa Rwanda, baadhi ya askari waliasi, wakachukua redio alfajiri, wakawahimiza wananchi wawafukuze wageni. Kabla ya jioni uasi ulikuwa umezimwa. Kisha askari wa RCD wakaingia Mangobo, mtaa wa Kisangani, nyumba kwa nyumba. Umoja wa Mataifa ulisema waliouawa walizidi 160. Wengine waliuawa kwenye daraja la Tshopo usiku, miili ikatiwa mawe ili isielee. Mingine ilielea hata hivyo. Nilikuwa na miaka 13. Kwa miezi kadhaa watu wa mtaa wetu waliacha kula samaki.

3. Majina ya wanaotuhumiwa yamefungiwa.

Kisangani ninaijua kwa macho, Kivu Kusini ninaijua kwa kusoma na kwa kusimuliwa. Tarehe 24 Agosti 1998, Kasika, Kilungutwe na Kalama, katika wilaya ya Mwenga: zaidi ya watu 1,000, akiwemo mwami (chifu) wa pale, na watu waliokuwa parokiani. Ripoti ya Mapping inawataja wapiganaji wa RCD na wanajeshi wa Rwanda. Siku za kufunga mwaka huohuo, Makobola, wilaya ya Fizi: zaidi ya 800. Sitaendelea. Ripoti ina matukio 617, kuanzia Machi 1993 hadi Juni 2003, na waliohojiwa walizidi 1,200. Na haikuficha waliouawa wa upande mwingine: wakimbizi wa Kihutu wa Rwanda waliofuatwa msituni miaka ya 1996 na 1997, na Watutsi wa Kongo waliowindwa katika miji yetu wenyewe Agosti 1998, kwa sababu tu ya sura zao. Hao nao ni wafu wetu. Ye yote atakayeichukua barua hii aifanye kuni za kumchomea Mnyarwanda au Mnyamulenge (Mtutsi wa Kongo, wa Kivu Kusini) jirani yake, ajue kwamba mimi simo.

Walioandika ripoti walikusanya pia majina ya wanaotuhumiwa, yakawekwa katika kumbukumbu ya siri kwenye ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Tangu mwaka 2010 hakuna mahakama iliyoundwa kuyafanyia kazi. Dk. Denis Mukwege, daktari Mkongo ambaye wagonjwa wake wa hospitali ya Lemera, Kivu Kusini, waliuawa vitandani Oktoba 1996, ameililia ripoti hii kabla na baada ya kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Kama sauti yake haijawafikia, yangu ina nafasi gani? Lakini naandika.

4. Arusha kuna mahakama mbili, na hakuna hata moja ninayoweza kuiingia.

Hapa naomba mnisome polepole, kwa kuwa hili liko mikononi mwenu moja kwa moja.

Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki inampa mwananchi wa kawaida muda wa miezi miwili tu kupeleka malalamiko yake. Miezi miwili, Waheshimiwa. Mwezi wa pili baada ya Juni 2000 mama yangu alikuwa bado anatandika kitanda cha yaya. Tena Ibara ya 27 ya Mkataba iliahidi kwamba mamlaka ya Mahakama juu ya haki za binadamu yatakuja baadaye, kwa itifaki. Mkataba ulitiwa saini Novemba 30, 1999. Itifaki hiyo tunaisubiri hadi leo.

Ya pili ni Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Hii mtu binafsi haingii mpaka serikali inayolalamikiwa iwe imetoa tamko la kuruhusu. Rwanda ilijiondoa katika tamko lake mwaka 2016, Tanzania mwaka 2019. Ninashukuru kwamba Juni 26, 2025 Mahakama hiyo ilisema ina mamlaka ya kusikiliza kesi ya Kongo dhidi ya Rwanda, na tutaifuatilia. Lakini hiyo ni serikali dhidi ya serikali, inahusu mambo ya miaka ya karibuni, na yaya wangu hamo.

Kwa upande wa Uganda, angalau kuna hukumu. Kwa upande wa Rwanda, Mahakama ya The Hague ilisema Februari 3, 2006 kwamba haina mamlaka, kwa hiyo haikumtia hatiani mtu wala haikumsafisha. Ila Baraza la Usalama, katika azimio 1304 la Juni 16, 2000, siku sita baada ya bunduki kunyamaza, lilisema nchi zote mbili zinapaswa kulipa kwa roho na mali zilizopotea Kisangani. Azimio lile bado lipo.

5. Fedha za wafu.

Hili ni la serikali yetu wenyewe, na nalisema mbele ya majirani kwa uchungu. Uganda ilianza kulipa mwaka 2022, dola milioni 65 kwa mwaka. Septemba 2025 aliyekuwa waziri wetu wa sheria alihukumiwa miaka mitatu ya kazi ngumu kwa suala la dola milioni 19 zilizotolewa katika fedha za wahanga, kwa jina la kujenga gereza Kisangani. Mheshimiwa Rais wa Kongo, hesabu ya fedha hizo tuione, shilingi kwa shilingi. Aliyefiwa hapaswi kusikia habari za urithi wake kwenye kesi ya wizi.

6. Yanatokea tena sasa hivi.

Goma ilitekwa na waasi wa M23 Januari 2025, Bukavu Februari. Baraza la Usalama, katika azimio 2773 la Februari 21, 2025, liliitaka Rwanda iache kuwasaidia M23 na iondoe majeshi yake Kongo. Agosti mwaka huohuo Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema raia wasiopungua 319 waliuawa kati ya tarehe 9 na 21 Julai kwenye vijiji vya Rutshuru, wengi wao wakulima waliokuwa wamepiga kambi mashambani msimu wa kulima. Ofisi hiyo iliwataja M23 na askari wa Rwanda waliowasaidia. M23 walikanusha. Basi, anayekanusha afungue barabara, wachunguzi wafike kwenye mashamba yale kabla mvua haijapita juu yake mara nyingi mno. "Wasiopungua 319." Nimeona tena neno lile la kukadiria, nikajua kuna dada au mdogo wa mtu ambaye miaka 25 ijayo atakaa kama mimi anatoa 319 katika namba nyingine.

Waheshimiwa, majibu ninayajua, kwa kuwa nimeyasikia.

Mtasema haya ni ya zamani. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani alisimama Songea akaomba msamaha kwa mauaji ya Maji Maji, yaliyofanyika zaidi ya miaka 110 nyuma, na Tanzania haikumwambia amechelewa. Mwaka 2013 wazee wa Mau Mau zaidi ya 5,200 walilipwa na Uingereza kwa mateso ya miaka ya 1950, baada ya kuishitaki mahakamani huko London. Wakenya walishangilia, na mimi nilishangilia nao. Mzungu tunamdai baada ya karne. Kwa nini jirani asidaiwe baada ya robo karne?

Mtasema Wakongo wanauana wenyewe. Ni kweli pia. Jeshi letu limeua raia, waasi wa ADF wenye asili ya Uganda wanachinja Beni na Ituri, wanamgambo wa CODECO wa Ituri wanachoma kambi za wakimbizi, na FDLR, waasi wa Kihutu wa Rwanda, wapo, sikatai. Kila mmoja na kesi yake. Mwizi wa pili hamsafishi wa kwanza.

Mtasema Rwanda ilikuwa inawafuata walioua watu wake mwaka 1994. Mheshimiwa Rais wa Rwanda, hapa naomba nikuelekee wewe kwa heshima ya pekee. Nimefika Gisozi, kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari mjini Kigali. Nimesimama mbele ya picha za watoto, na chini ya picha wameandika jina na habari za mtoto: chakula alichokipenda, au neno lake la mwisho. Nililia kama aliyefiwa. Hakuna nchi katika kanda hii inayojua kama Rwanda ilivyo dhambi kumwacha mtu aliyeuawa bila jina. Kwa sababu hiyohiyo nakuomba, na sikuombi kama adui: tusaidie na sisi tuwape wetu majina.

Na mtasema kufukua haya kutaharibu mazungumzo ya amani ya Washington, kati ya Kongo na Rwanda, na ya Doha, kati ya Kongo na M23. Nimeishi katika mji uliosainiwa amani nyingi. Mkataba wa Lusaka ulitiwa saini Julai 1999. Mwezi uliofuata, Agosti, majeshi hayo mawili yalipigana Kisangani kwa mara ya kwanza. Mazungumzo yaendelee, tena nayaombea. Hesabu ya wafu haimzuii mtu kusaini.

Sasa ninachoomba.

Kwanza, na hili ndilo ninaloliomba kuliko yote: Jumuiya ifungue daftari la raia waliouawa mashariki mwa Kongo tangu mwaka 1996. Liandikwe kwa Kiswahili. Waandishi waende mitaani na vijijini, Kisangani, Bunia, Kasika, Makobola, Rutshuru, wakae na familia, waandike jina, umri, siku, mahali alipozikwa. Wasidai cheti cha kifo, kwa kuwa katika vita hakuna karani. Mashahidi wawili wa mtaa watoshe. Wazee wanaokumbuka wanakufa kila mwaka, kwa hiyo kazi hii haiwezi kungoja mkutano wa mwakani. Nchi zilizokuwa na majeshi kule zitoe kumbukumbu zao: kikosi gani kilikuwa wapi, siku gani.

Pili, itifaki ya haki za binadamu ya Ibara ya 27 ipitishwe, na kwa mauaji ya halaiki ya raia kikomo cha miezi miwili kiondolewe.

Tatu, mkutano wenu wa kilele utoe tamko la kuunga mkono kuundwa kwa mahakama maalumu ya makosa yaliyomo katika Ripoti ya Mapping, na kuomba majina yaliyofungiwa yakabidhiwe kwa waendesha mashitaka.

Nne, azimio 2773 litekelezwe, na pale ambapo raia wanaishi chini ya jeshi lisilo la nchi yao, kamanda wa pale ajue tangu leo kwamba wao ni dhamana yake.

Tano ni dogo. Siku ya tarehe 5 Juni, balozi mmoja wa kila nchi yenu aje Kisangani. Hatuhitaji hotuba. Kwetu aliyefiwa anasubiri watu waje wakae naye, na nyumbani kwetu, kwa miaka yote hii, hajafika mtu wa serikali yoyote kutoa pole.

Mama yangu ana miaka 74. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo barua hii nilimsomea kabla ya kuituma. Alinisimamisha mahali pamoja tu, penye kitenge. Alisema maua hayakuwa ya bluu, yalikuwa ya zambarau. Nimeacha kama nilivyoandika kwa sababu ndivyo ninavyokumbuka mimi, lakini katika daftari naomba aandike yeye. Mkijibu, jibuni kwa Kiswahili, ili nimsomee pia.

Wenu katika Jumuiya,

Mzaliwa wa Tshopo, Kisangani